Meli Iliyofika Mara Mbili

Chombo cha pwani kikisha kuundwa, kikatiwa kalafati baina ya mbao zake, kikapakwa sifa na deheni, na kikasomewa dua watu wakala wakanywa kabla ya kushuliwa, wazee waliozoea bahari hawaanzi kuuliza tanga lake lina mapana gani wala kitakwenda mbio kiasi gani kikipata upepo wa kusi. Huuliza ni cha nani, nahodha wake ni nani, na ni ufuo gani kitakapopwelewa kila maji ya bamvua yakitoka, ili tumbo lake likwanguliwe na kupakwa upya. Maswali hayo ni ya watu wa majahazi na mashua, lakini sijaona yaliyo bora kuliko hayo kwa mtu anayetaka kuipima habari ya meli ya chuma inayofika bandari yake mpya kwa bendera na ngoma, viongozi wakiwa wamesimama gatini na mabaharia wamejipanga juu ya sitaha katika nguo nyeupe. Shangwe za siku ile ni halali, na furaha ya watu ni ya kweli; lakini mas'ala ya ulinzi wa pwani hayamalizwi na shangwe, na yanayostahili kuchambuliwa ni yale yanayobaki kamba zikisha fungwa na wageni wakisha kwenda zao.

Meli ninayoikusudia inaitwa Doria. Iliundwa Chittagong, katika nchi ya Bangladesh, kwenye karakana ya Western Marine. Urefu wake ni mita 54 hivi, na mwaka 2017 ilikwisha kuivuka Bahari ya Hindi na kuingia Mombasa. Aliyeiagiza ni wizara ya serikali ya Kenya iliyosimamia kilimo, mifugo na uvuvi, na kusudi la kuinunua lilikuwa kuwalinda samaki wa bahari kuu wasichukuliwe na meli za mbali zinazovua bila leseni. Haukupita muda Bunge likapitisha sheria ya mwaka 2018 ya kuunda Kikosi cha Walinzi wa Pwani, na tarehe 19 Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akakizindua kikosi hicho Liwatoni, penye gati la uvuvi, kando ya maji ya Kilindini. Basi meli ile ile, katika bandari ile ile, ikapata mwenyewe mwingine na kazi pana kuliko ya awali: si samaki tu, bali dawa za kulevya, magendo, usafirishaji haramu wa watu, usalama wa bandari, uchafuzi wa maji na uokoaji wa roho. Kwa hiyo nasema kwamba Doria ilifika maskani yake mara mbili, mara ya kwanza kwa maji na mara ya pili kwa sheria, na kufika kwa pili ndiko kuliko kuzito, kwa maana chombo chaweza kuvuka bahari kwa majuma machache kikiwa na rubani mwema na mafuta ya kutosha, ilhali kuvuka kutoka idara moja hadi nyingine, pamoja na fungu la fedha, mabaharia, kanuni na dhamana, ni safari ambayo vyombo vingi vya serikali huanza visiifikishe.

Mtu aweza kuuliza, na swali lake ni la haki, kwamba ikiwa Kenya imekuwa na jeshi lake la wanamaji tangu mwaka 1964, na ikiwa kambi ya jeshi hilo iko Mtongwe, ng'ambo ya maji kutoka Liwatoni, palikuwa na haja gani ya kuongeza kikosi kingine juu ya bahari moja. Wala doria za serikali si jambo geni katika bandari hii. Hata kabla ya uhuru Waingereza walikuwa na jeshi lao la majini la Afrika Mashariki lililoweka maskani Mombasa na kuvunjwa mwaka 1962. Jawabu liko katika tofauti baina ya adui na mhalifu. Adui hupigwa akashindwa, na habari yake ikaisha. Mhalifu husimamishwa, hupandiwa chomboni, hukaguliwa, huandikiwa kila alichokutwa nacho kwa saa na mahali, hupelekwa mbele ya hakimu, naye ana haki ya kujibu. Manowari imeumbwa kwa kazi ile ya kwanza. Katika kazi ya pili mzinga mkubwa hauna faida, bali faida iko kwa mkaguzi anayejua kusoma leseni ya uvuvi, anayeweza kupima tundu za nyavu, anayetambua mapezi ya papa yaliyofichwa chini ya barafu ya jodari, na anayejua kuhifadhi ushahidi usikataliwe mahakamani miezi minane baadaye.

Sheria ya mataifa yenyewe yaelekea upande huo. Mkataba wa Sheria ya Bahari uliotiwa saini Montego Bay, Jamaika, mwaka 1982, na ulioanza kutumika mwaka 1994, umempa mwenye pwani maili 12 za bahari zilizo chini ya mamlaka yake kamili, na ukampa, hadi maili 200, haki ya samaki na ya vilivyo chini ya maji, bila kuwafungia njia wapitao. Kifungu cha 73 chamruhusu kuipanda meli inayovua katika ukanda huo, kuikagua, kuikamata na kuishtaki. Papo hapo chamwamuru kuiachilia meli na mabaharia wake upesi iwekwapo dhamana ya kadiri, na chamkataza, pasipokuwa na mapatano na dola inayohusika, kumfunga mtu jela kwa kosa la uvuvi lililotendwa humo. Kifungu cha 111 nacho chasema kwamba mbio za kumfukuza mhalifu mpaka bahari kuu ni halali zikianzwa ndani ya mipaka na zisipokatika, na zikifanywa na manowari au na chombo chenye alama zilizo wazi za kuwa ni cha serikali. Vyombo vingi vya walinzi wa pwani duniani huchorwa mistari ya rangi inayokwenda mshazari ubavuni, desturi iliyoenezwa na Wamarekani tangu mwaka 1967: si pambo, ni shahada ya mamlaka inayoonekana kwa mbali.

Lakini kifungu hicho hicho kina neno moja ambalo kwetu sisi lina uzito mkubwa kuliko kwa wengi, nalo ni kwamba haki ya kufukuza hukoma mara mkimbizi aingiapo maji ya nchi yake au ya nchi ya tatu. Atazamaye ramani ya kusini ya Mombasa ataona jinsi Vanga na Shimoni zinavyoelekeana na Pemba, na jinsi mashua yenye mashine nzuri inavyoweza kuuacha upande mmoja na kuingia upande wa pili kabla chai haijapoa. Mpaka wa bahari baina ya Kenya na Tanzania ulikubaliwa kwa barua za serikali mbili katika miaka ya 1975 na 1976, na kwa bahati njema haujaleta ugomvi mkubwa; lakini mpaka usio na ugomvi hauwi mpaka wenye ushirika kwa sababu hiyo pekee. Pasipokuwa na mapatano ya kupokezana mhalifu, mlinzi wa upande huu na mlinzi wa upande ule watabaki kuwa kuta mbili zenye mlango katikati. Upande wa kaskazini mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya tarehe 12 Oktoba 2021 iliuchora mstari baina ya Kenya na Somalia kwa namna ambayo serikali ya Kenya imeikataa, na mlinzi anayekwenda huko huenda katika maji ambayo wenyewe wawili wanayadai.

Sasa tuuangalie ukubwa wa shamba lenyewe. Maili 200 za baharini ni kilomita 370 hivi. Meli inayotoka Liwatoni, ikapita mlango wa Kilindini na ikashika mashariki kwa mwendo wa noti 15 bila kusimama, itakuwa na safari ya saa 13 na zaidi kabla ya kuufikia ukingo, na saa nyingine kama hizo za kurudi, na katika miezi ya kusi kali, Juni na Julai, wakati ambapo wavuvi wa mashua hulazimika kuvivuta vyombo vyao nchi kavu, bahari humpunguzia kila mtu mwendo wake. Meli inayokuwa mashariki haiko Kiunga kaskazini, na inayokuwa Kiunga haiko Vanga. Tunaposema kwamba nchi ina meli ya doria, tusidhani kwamba bahari yote imepata macho. Imepata mguu mmoja wa kukimbilia mahali ambapo jicho jingine limekwisha kuona. Jicho hilo ni mitambo ya kuangalia meli kwa setilaiti, ni ndege, ni radar za nchi kavu, na kabla ya hayo yote ni mvuvi mwenye simu mkononi, ambaye habari yake nitairudia.

Hasara ya kuwa na bahari bila mguu wala jicho tumekwisha kuionja. Mwezi wa Machi mwaka 2009 meli iliyoitwa Tawariq 1 ilikamatwa katika ukanda wa kiuchumi wa Tanzania ikiwa na tani zinazokaribia 300 za jodari. Watu wa Dar es Salaam wanawakumbuka samaki hao kwa jina la waziri wa uvuvi wa wakati ule, John Magufuli, lakini aghalabu wanasahau kwamba chombo kilichoikamata meli ile hakikuwa chetu: kilikuwa Sarah Baartman, meli ya doria ya Afrika Kusini, iliyokuja kwa ushirika wa nchi za kusini mwa Afrika ikiwa imebeba wakaguzi wa mataifa kadhaa. Mgeni ndiye aliyemshika mwizi ndani ya nyumba yetu. Na yaliyofuata nchi kavu ni somo kubwa kuliko ukamataji wenyewe: samaki wakagawiwa, meli ikakaa bandarini ikaharibika, Mahakama Kuu ikawatia watu 2 hatiani mwaka 2012, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu hiyo. Miaka mitano ya kazi ya mawakili, wakalimani na askari magereza ikaishia patupu. Siilaumu mahakama iliyofuta, kwa sababu kazi ya mahakama ni kuitazama sheria wala si kuufurahisha umma. Nasema kwamba wavu uliotupwa vizuri baharini ulipasuka ulipofika ufukoni.

Mfano wa pili ni wa mwezi Aprili mwaka 2014. Manowari ya Australia, Darwin, ilisimamisha jahazi nje ya pwani ya Mombasa na kukuta humo kilo 1,032 za heroini, mzigo ambao ulikuwa miongoni mwa mikubwa kupata kukamatwa na vikosi vya mataifa vinavyozunguka bahari hii. Dawa ziliharibiwa baharini. Ama wale waliozipakia na wale waliokuwa wakizingojea nchi kavu, hawakupatikana kwa ukamataji ule, kwa kuwa manowari za kigeni zilizo mbali na mahakama zao hazina desturi ya kuburuta watuhumiwa kuvuka dunia. Humwaga mzigo na kukiachilia chombo. Mzigo ukimwagwa, mfanyabiashara hupata hasara ya safari moja. Mfanyabiashara akifikishwa kizimbani, biashara yenyewe hutikisika. Kazi hiyo ya pili haiwezi kufanywa na mgeni kwa niaba yetu, hata akiwa na nia njema namna gani. Na kwamba twaweza kuifanya si ndoto: mwaka 2010 ilifunguliwa Shimo la Tewa, kaskazini kidogo ya Mombasa, mahakama yenye ulinzi maalumu kwa ajili ya kesi za maharamia wa Kisomali, na mahakimu wa Kenya waliwahukumu watu waliokamatwa na manowari za mataifa mengine mamia ya maili kutoka pwani yetu. Ikiwa tuliweza kuwa ufuko wa wavu wa wengine, hakuna sababu tushindwe kuwa ufuko wa wavu wetu wenyewe.

Majirani zetu wa visiwani wametutangulia, na inafaa tuwasome bila wivu. Shelisheli ni nchi yenye watu wanaokadiriwa kuwa laki moja, na bahari yao yazidi kilomita za mraba milioni 1.3. Mwaka 2005 India iliwapa meli ya doria iliyopewa jina la Topaz, na mwezi Machi mwaka 2010 meli hiyo ilipambana na maharamia na kuwaokoa mabaharia waliotekwa, wakiwemo Washelisheli na Wairani. Lakini jambo linalonivutia zaidi si mapambano hayo, ni lile lililofuata mwaka 2013, India ilipowapa pia ndege ya Dornier ya kuangalia bahari, kwa maana walikwisha kujua kwamba meli isiyo na ndege hukimbia gizani. Morisi nao waliizindua Barracuda mwezi Machi mwaka 2015 huko Port Louis, meli iliyoundwa Kolkata kwa ajili yao mahususi. Katika habari zote hizo kuna mkono wa taifa kubwa, na mkono wa taifa kubwa haunyoshwi bure. Lakini visiwa hivyo vilijua vinataka nini kabla ya kupewa, na kujua huko ndiko kulikovifanya vyombo vyao vikawa na kazi. Tanzania kwa upande wake imezigawa kazi hizi baina ya wanamaji wa Jeshi la Wananchi, polisi wa majini, Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, na kule Zanzibar Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo, ambacho watu wa visiwani wamekizoea kwa herufi zake, KMKM. Mgawanyo huo una historia yake na una heshima yake, ila mwizi wa samaki haulizi herufi.

Nimesema kwamba wazee huuliza chombo kitapwelewa wapi. Hapa ndipo ilipo siri ya maneno haya mawili, bandari na maskani. Bandari ya meli ya doria si mahali pa kufungia kamba. Ni mafundi wanaozijua mashine zake kwa majina, ni ghala ya vipuri vilivyoagizwa kabla havijahitajika, ni mafuta yaliyolipiwa, ni chelezo ambamo meli hupandishwa ili kombe na magugu yaliyoganda tumboni yaondolewe, maana tumbo chafu hula mafuta na kupunguza mwendo wa chombo cha chuma kama linavyopunguza mwendo wa jahazi. Ni nyumba za mabaharia pia, kwa kuwa mtu aliyemwacha mtoto mgonjwa mahali asipopajua hawezi kukaa baharini juma zima kwa moyo mtulivu. Mombasa ina chelezo na ina mafundi hodari, na ni bandari chache katika mwambao wote huu, kutoka Kismayu mpaka Mtwara, zilizo na maji mazuri ya kilindi kama yale yaliyoipa Kilindini jina lake. Lakini meli iliyoundwa ng'ambo huja na mashine za ng'ambo, na kila chombo kinachoharibika kikangojea kifaa kutoka Ulaya au Asia hugeuka kuwa nyumba iliyofungwa kamba. Fedha za kununua hutolewa mara moja, tena mbele ya watu. Fedha za kutunza hutolewa kila mwaka, kimya kimya, na ndizo zinazokatwa kwanza hazina inapopungukiwa. Kwa maoni yangu, nchi isiyoweza kuweka kando, mwaka baada ya mwaka, fungu la kuitunza meli yake, heri inunue mashua kumi ndogo kuliko meli moja kubwa.

Katika uokoaji mambo haya huonekana wazi kuliko mahali pengine, kwa sababu maji hayangoji. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyopakiwa kupita kiasi, ilizama usiku karibu na Nungwi ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakafa. Miongoni mwa waliokimbilia mahali pale walikuwako wavuvi na vyombo vyao. Tarehe 29 Septemba 2019, kikosi kipya cha Kenya kikiwa hakijatimiza hata mwaka mmoja, gari lenye mama na mtoto wake mdogo lilirudi nyuma kutoka kwenye feri ya Likoni likazama katika mlango wa bandari, karibu kabisa na Liwatoni. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba, katika kina cha mita 58 hivi. Nchi nzima ilikaa siku zile ikiyatazama maji. Sitaki kuyafukua majonzi ya jamaa. Nayataja kwa sababu yalituonyesha kwamba baharia aliyefunzwa kukimbiza meli ya wizi si lazima awe amefunzwa kushuka chini ya maji yenye giza na mkondo, na kwamba kituo cha kuratibu uokoaji, ambacho Mombasa imekuwa nacho tangu mwaka 2006, hakiwezi kuratibu vifaa visivyokuwako. Mlinzi wa pwani hujulikana na wengi siku moja tu katika maisha yao, nayo ni siku wanapozama.

Nimeahidi kumrudia mvuvi, naye ndiye kitovu cha uchambuzi huu. Mvuvi wa mwambao, mwenye mashua, ngalawa au mtumbwi, ndiye mtu wa kwanza anayekutana na mlinzi, kwa kuwa wote wawili hutumia mlango mmoja wa kutokea na maji yale yale ya karibu. Meli ya kigeni yenye mishipi ya maili nyingi iko mbali, huzima mtambo wa kuitangaza mahali ilipo, na kuikamata kwahitaji mafuta, subira na ushahidi. Mvuvi wa jarife yuko hapa, hana mtambo wa kuzima, na kumkamata kwahitaji mashua ndogo na asubuhi moja. Hatari iliyo kubwa kabisa ya kila kikosi cha namna hii, popote duniani, ni kwamba kikitakiwa kuonyesha matunda ya kazi yake kitaijaza hesabu yake kwa wadogo. Sisemi kwamba wadogo hawakosei: juya linalokokota fukwe na kuchukua vichanga vya samaki ni haramu ya sheria na ya akili, na nyavu za tundu ndogo zinawaibia watoto wa wavuvi wenyewe. Nasema kwamba kosa la mtu anayetafuta kitoweo na kosa la kampuni inayojaza mabehewa ya barafu hayalingani, na kikosi kinachoyalinganisha kitapoteza macho yake yaliyo bora kuliko setilaiti.

Watu wa Lamu wana sababu ya kuwa na hadhari. Kwa miaka kadhaa walikatazwa kuvua usiku kwa ajili ya usalama, na ajuaye uvuvi ajua kwamba jarife hutupwa jua likizama, kwamba usiku ndio mchana wa mvuvi huyo, na kwamba kumkataza usiku ni kumfungia duka. Mwaka 2018 mahakama iliamuru wavuvi wa huko walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari mpya, hukumu iliyoonyesha kwamba nchi yaweza kuijenga bahari huku ikiwabomoa watu wake. Na kule kusini kuna desturi ya dago, ambayo haijaandikwa katika mkataba wowote wa Montego Bay: wavuvi wa Pemba hufuata majira na samaki, wakaweka kambi Vanga, Shimoni, na mbele zaidi hadi Malindi na Lamu, wakauza samaki wao hapo, wakaoa, wakazika na kuzikwa hapo, vizazi na vizazi kabla ya bendera zilizopo. Sheria kavu itamwita mtu wa dago mgeni asiye na kibali. Mlinzi mwenye busara atajua kwamba mtu huyo ndiye aliyeziona meli zenye taa nyingi usiku wa jana nje ya mwamba, naye atamsajili, atampa namba ya simu ya kupigia, na atamjibu anapopiga. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, ambavyo wavuvi wenyewe huviita BMU, viko tayari katika kila bandari ndogo. Ni mlango ulio wazi, na mtu hahitaji kuvunja ukuta ili aingie.

Basi nikiulizwa hukumu yangu juu ya Doria na kikosi chake, nasema kwamba Kenya ilifanya jambo la haki kuitoa kazi ya kulinda sheria ya bahari katika mikono ya jeshi la vita na kuipa mlinzi wa raia, na kwamba majirani wake wangefanya vyema kuitazama hatua hiyo kwa makini. Lakini nasema pia kwamba meli ile itakuwa imefika kweli siku ambapo kesi yake ya kwanza kubwa itasimama mahakamani mpaka mwisho bila kuanguka, na siku ambapo mvuvi wa Kizingitini, kule Lamu, ataiona ubavuni mwake asikate nanga kukimbia. Hayo mawili hayanunuliwi Chittagong.

Ninalo ombi moja kwa Bunge na kwa wenye mamlaka juu ya kikosi hicho, nalo halihitaji fedha wala halifichui siri ya vita. Kila mwaka itolewe hesabu ya siku ambazo meli ilikuwa baharini na siku ambazo ilikuwa gatini, ya meli kubwa zilizopandiwa na kukaguliwa, ya kesi zilizofunguliwa na jinsi zilivyomalizika, na ya watu waliookolewa. Hesabu hiyo iandikwe kwa Kiswahili, na ibandikwe Vanga, Shimoni, Malindi na Kizingitini, palepale samaki wanapopimwa.